Disneyland na tuta lake: jinsi bustani ya ekari 160 ilivyopanuka kwa miaka sabini

Kuzunguka Disneyland, bustani ya burudani na michezo pale Anaheim, California, kuna tuta la udongo linalomzidi mtu mrefu kimo, na juu yake inapita reli nyembamba yenye upana wa futi 3. Mgeni huona pambo tu: treni ya mvuke inapiga honi, miti imefunga, maua yamepangwa. Kazi yake halisi ni kuficha. Ukiwa ndani usione barabara, nguzo za umeme wala paa za moteli. Lakini tuta lililowekwa mwaka 1955 ili kuzuia macho lilizuia pia ujenzi, na majengo mengi makubwa yaliyoongezwa tangu miaka ya 1960 yamepata nafasi kwa sababu mhandisi fulani aligundua namna ya kulipita chini, kulizunguka au kulisogeza.

Ardhi yenyewe ilikuwa ekari 160, kama hekta 65, nyingi yake mashamba ya michungwa. Harrison Price wa Stanford Research Institute ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta mahali. Aliangalia idadi ya watu, hali ya hewa, na zaidi ya yote barabara kuu ya Santa Ana iliyokuwa ikijengwa wakati huo. Ujenzi ulianza Julai 1954, ukagharimu dola milioni 17. Walt Disney, mwanzilishi wake, hakuwa na fedha hizo mfukoni. Kituo cha televisheni cha ABC kilitoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya hadi dola milioni 4.5, kikapata zaidi ya theluthi moja ya hisa pamoja na kipindi cha kila wiki kutoka kwa Disney. Mwaka 1960 hisa hizo zilinunuliwa tena kwa dola milioni 7.5. Fedha zote ziliishia kwenye bustani yenyewe, hazikubaki za kununua mashamba ya jirani, na kosa hilo halijafutika hadi leo. Ndani ya miaka michache moteli na migahawa ilikuwa imeizunguka bustani kama vibanda vinavyozunguka stendi ya mabasi.

Mwaka mmoja wa kujenga vyote hivyo ni mfupi mno, na ilionekana. Mto uliochimbwa kwa ajili ya meli ya Mark Twain ulipojazwa maji kwa mara ya kwanza, maji yalizama ardhini, kwani udongo wa pale ni wa kichanga. Ilibidi sakafu ya mto itandikwe udongo wa mfinyanzi ndipo maji yakatulia. Kulikuwa na mgomo wa mafundi bomba, hivyo ilibidi kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya kunywea. Disney alichagua vyoo. Siku ya uzinduzi, 17 Julai 1955, joto lilifika karibu nyuzi 38, tiketi za kughushi ziliingiza maelfu ya watu wasioalikwa, na lami iliyomwagwa dakika za mwisho ilikuwa bado laini kiasi cha kumeza visigino vya viatu vya kina mama. Pamoja na hayo, kabla Septemba haijafika katikati, mgeni wa milioni moja alikuwa ameshaingia.

Umati huo ndio ulioleta swali linalotawala fani hii mpaka sasa: mchezo mmoja unapitisha watu wangapi kwa saa? Wavukao Likoni au Kigamboni wanalijua hata bila kufundishwa. Mwendo wa pantoni majini si hoja sana. Kinachokula muda ni kupakia na kushusha. Chukua boti ya viti 20 inayoachiwa kila baada ya sekunde 30. Kwa saa zinaondoka boti 120, yaani watu 2,400. Sasa kila boti ichelewe sekunde 10 tu kwa sababu mama anatafuta kiatu cha mtoto au mzee anashikwa mkono kuingia. Zitaondoka 90, watu 1,800. Watu 600 wamebaki kwenye foleni, na boti hazijaharibika hata moja. Huwezi kulitatua kwa kuongeza mwendo. Hutatuliwa gatini, kwa kuweka sehemu mbili za kupakia, au kwa kutenganisha upande wa kushukia na wa kupandia.

Upanuzi mkubwa wa kwanza ulikuja Juni 1959: nyambizi, monoreli (treni ya reli moja), na mlima bandia wa Matterhorn wenye kimo cha futi 147. Matterhorn inastahili kutazamwa kwa karibu. Hadi wakati huo rola-kosta zilipita juu ya mbao zilizopangwa tabaka na kubandikwa ukanda wa chuma, na mbao hazikunjiki upendavyo. Kampuni ya Arrow Development ilitumia bomba la chuma. Bomba hukunjwa pande zote, kwa hiyo njia mbili ziliweza kusokotana ndani ya mlima mwembamba bila kugongana. Halafu njia iligawanywa vipande vyenye breki. Gari haliruhusiwi kuingia kipande kinachofuata hadi lililo mbele liwe limetoka, kanuni ileile ya ishara za reli ya kawaida. Faida yake ni kwamba magari mengi yanakuwa mlimani kwa wakati mmoja. Hasara yake ni kwamba kituoni wakichelewa kushusha, gari la nyuma linasimama kwenye breki zake, la nyuma yake nalo linasimama, na baada ya muda mfupi mlima mzima umetulia na watu wako juu wanashangaa. Wengi hudhani kuna hitilafu, kumbe mfumo unafanya kazi uliyotengenezewa.

Baadaye yakaja maonyesho ya kimataifa ya New York ya 1964 na 1965. Kampuni ya Disney ilijenga pale mabanda manne kwa fedha za wengine, miongoni mwao General Electric, Ford, Pepsi na jimbo la Illinois. Naliona hilo kuwa dili bora kuliko zote walizowahi kupata: majaribio ya miaka miwili, wateja mamilioni, gharama juu ya mdhamini. Boti za It's a Small World, zinazosukumwa na maji yanayotoka kwa kasi kwenye matundu ya mfereji, zilionyesha kwamba umati mkubwa unaweza kupita mfululizo bila dereva hata mmoja. Mwaka 1966 zilihamishiwa Anaheim.

Somo hilo lilibadilisha mchoro wa Pirates of the Caribbean, mchezo wa maharamia. Mwanzoni yalikusudiwa kuwa makumbusho ya sanamu, watu watembee kwa miguu chini ya majengo ya New Orleans Square, mtaa mmoja wa bustani, na shimo lilikuwa limeshachimbwa. Boti zilipothibitika, mpango ukapanuka kuliko shimo. Mahali pa kuweka jengo kubwa namna hiyo palikuwa nje ya tuta tu. Ndiyo sababu, dakika chache baada ya kuondoka, boti inatumbukia kwenye maporomoko mawili gizani. Abiria hupiga kelele kwa furaha, ila kazi ya maporomoko yale ni kuishusha boti chini ya usawa wa reli ili ipenye kwenda upande wa pili. Mwishoni boti hupandishwa tena kwa mkanda hadi kituoni. Mchezo ulifunguliwa Machi 1967, miezi mitatu baada ya Walt Disney kufariki.

Haunted Mansion, nyumba ya mizimu, ilitumia hila nyingine kwa shida ileile. Nyumba unayoiona kwa nje ilikamilika mwaka 1963 na ikakaa miaka sita bila kufunguliwa, wahandisi wakiwa wamevutwa na kazi za New York. Ilipofunguliwa Agosti 1969, wageni waliingizwa katika chumba cha pembe nane ambacho kuta zake zinaonekana kurefuka na picha zake kufunuka kuelekea chini. Chumba hakirefuki. Sakafu ndiyo inayoshuka. Ni lifti isiyo na paa lake yenyewe, iliyovikwa hadithi ili usijue kwamba unateremshwa chini ya reli. Ukitoka unatembea kwenye ukumbi mrefu wa picha, na huo ukumbi ndio handaki lenyewe. Unapopanda kigari uko nje ya tuta tayari. Magic Kingdom, bustani ya Disney iliyoko Florida, ina chumba hichohicho, lakini kule ardhi ilikuwepo, kwa hiyo sakafu haishuki. Ni dari inayopanda. Wameiga athari baada ya sababu kutoweka.

Vigari vyenyewe, aina iitwayo Omnimover, vilianza kutumika mwaka 1967 na ni jibu lililo safi kwa hesabu ya foleni. Ni mnyororo mmoja usiosimama. Kikipita kigari kila sekunde 3 na kila kimoja kikachukua watu wawili, unapata 2,400 kwa saa bila kumsubiri mtu. Udhaifu uko palepale penye nguvu: mtu mmoja akihitaji msaada wa kupanda, mnyororo wote unapunguzwa mwendo au kusimamishwa, na waliomo ndani wote wanasimama naye.

Florida ilikuwa jawabu la moteli za Anaheim. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ilinunua huko kiasi cha ekari 27,000 kwa kutumia kampuni za majina mengine ili bei isipande, na Magic Kingdom ikafunguliwa 1 Oktoba 1971. Kwenye ardhi hiyo ndipo mwaka 1998 walipojenga kijiji cha Harambe, chenye sura ya miji ya pwani yetu na mabango ya Kiswahili. Anaheim wasingethubutu. Safari ya magari ya wanyama peke yake pale Florida ni kubwa kuliko Disneyland yote ya zamani iliyokuwa ndani ya tuta.

Miaka ya 1970 na 1980 naipita haraka, ingawa michezo yake inapendwa: Space Mountain 1977, Big Thunder 1979, Star Tours 1987, Splash Mountain 1989 (uliofungwa 2023). Mabadiliko yaliyokuwa mazito kuliko hayo yalikuwa ya karatasi. Tangu Oktoba 1955 wageni walinunua vitabu vya tiketi zenye herufi. A, B na C zilianza, D ikaongezwa 1956, E 1959. E ilikuwa ya michezo mikubwa, nayo ilikuwa chache kitabuni. Aliyemaliza E alibaki na A na B mkononi, na kwa kuwa ameshazilipia, akaenda kupanda farasi wa kuzunguka au basi la farasi. Kitabu kilikuwa kinawasambaza watu kimyakimya. Mwaka 1982 kilifutwa, kiingilio kimoja kikatosha kwa yote, na umati ukahamia kwenye michezo mikubwa. FASTPASS ya 1999 ilijaribu kurekebisha kwa kumpa mtu saa ya kurudi. Aliyekuwa amesimama foleni sasa alikuwa anazurura njiani, na njia za 1955 hazikupimwa kwa ajili yake.

Mfano wa jinsi ya kukosea ni Rocket Rods. Reli ya juu ya PeopleMover, iliyofungwa 1995, ilijengwa kwa vigari vya mwendo wa pole. Mwaka 1998 waliweka juu yake magari ya kasi bila kuinamisha njia kwenye kona, kwa kuwa fedha hazikutosha. Gari lililazimika kukata mwendo kila penye kona kisha kuongeza tena mara tu njia inaponyooka, mara nyingi katika mzunguko mmoja. Matairi yaliisha, mitambo ikachoka, na mwaka 2000 ulikuwa umefungwa. Njia ile bado iko hewani, tupu.

Kubana matumizi kulijirudia kwa ukubwa zaidi Februari 2001, walipofungua bustani ya pili, California Adventure, juu ya maegesho ya zamani. Kwanza yalijengwa maegesho ya ghorofa yenye nafasi zaidi ya 10,000, ndipo uwanja wa magari ukapatikana. Lakini michezo ya watoto ilikuwa michache, mingine ilifanana na ya maonyesho ya kawaida, na sikuona kwa nini mkazi wa California alipe kutazama California ya kuigiza. Watu hawakujaa. Ukarabati uliotangazwa 2007 uligharimu dola bilioni 1.1, ukakamilika Juni 2012 kwa kufunguliwa Cars Land.

Galaxy's Edge, eneo la Star Wars lenye ekari 14, ilipofunguliwa mwaka 2019, tuta halikutobolewa. Lilisogezwa. Kuanzia Januari 2016 mto wa Mark Twain ulikatwa upande wa kaskazini, maghala ya uani yakahamishwa, na reli ikapewa daraja jipya kando ya maji. Treni hizo zilikuwa zimezunguka kwa zaidi ya miaka sitini zikikata kona za kulia tu. Kwenye njia mpya, iliyofunguliwa Julai 2017, zilikata kushoto kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2024 baraza la mji wa Anaheim liliidhinisha mpango wa DisneylandForward, unaoruhusu michezo kujengwa kwenye maeneo yaliyotengwa kwa hoteli na maegesho, nayo kampuni ikaahidi kuwekeza angalau dola bilioni 1.9 katika miaka kumi. Utaratibu ni uleule wa 2001: magari yatafutiwe kwanza maegesho mapya upande wa mashariki, karibu na barabara kuu ileile aliyoitazama Price, ndipo viwanja vyao vichimbwe.