Kwa nini mashine isiyo na Git inaweza kujenga programu iliyohifadhiwa kwenye Git?

Kwa kawaida swali hili huja kwa sura nyingine: nitapata wapi Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwa ajili ya mifumo ya Unix kama HP-UX, AIX, au Solaris inayotumia prosesa za SPARC, ili mfumo wa ujenzi wa kiotomatiki uweze kuchota msimbo wenyewe? Nami niliwahi kuliuliza hivyo hivyo, na nikapoteza siku kadhaa kutafuta jibu kabla ya kugundua kwamba swali lenyewe lilikuwa limepinda. Nilichukulia kwamba mashine inayojenga programu ndiyo inayopaswa kuzungumza na hifadhi ya matoleo. Kumbe inachohitaji ni faili za msimbo, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), na namna ya kujua faili hizo zimetoka kwenye toleo gani.

Imani kwamba Git hupatikana kila mahali haikuzuka bure. Linus Torvalds aliianza mwaka 2005 kwa lugha ya C, na ni nadra kukuta mfumo endeshi usio na kompaila ya C. Lakini kompaila hiyo hukufikisha mlangoni tu. Ndani unasubiriwa na zlib ya kubana data, libcurl ya kusafirisha data kwa HTTPS, OpenSSL ya usimbaji fiche, na make ya GNU, chombo cha kuendesha ujenzi, ambayo si ile make iliyokuja na mfumo. Hata ukifaulu kuzikompaili zote, seva ya upande wa pili nayo ina masharti yake. GitHub, kwa mfano, iliacha kupokea matoleo ya zamani ya TLS (itifaki ya kulinda mawasiliano), 1.0 na 1.1, mwezi Februari 2018, na mwezi Machi 2022 ikafunga itifaki ya git isiyosimbwa, hivyo programu iliyojengwa juu ya OpenSSL ya zamani hubisha hodi bila kufunguliwa.

Kwa haki, njia za mkato zipo. IBM hutoa Git iliyokwisha kukompailiwa kwa ajili ya AIX katika mkusanyo wake uitwao AIX Toolbox, na JGit, ambayo imeandikwa kwa Java, yaweza kufaa pale ambapo Java ya mashine hiyo si kuukuu mno. Mwenye bahati ya kuzipata azitumie.

Asiyezipata na afikirie kazi ya fundi cherehani. Ili ashone nguo leo, anahitaji vipimo vya leo. Hahitaji daftari lenye vipimo vyote vya mteja tangu utotoni, wala sababu ya kila kipimo kubadilishwa. Git ndiyo daftari hilo. Kila komiti, yaani hatua moja ya mabadiliko iliyohifadhiwa ndani yake, huelekeza kwenye picha kamili ya faili zote kama zilivyokuwa wakati huo, kwa hiyo kuinakili picha moja na kuitoa nje hakuhitaji kupitia historia iliyotangulia. Amri ya git archive hufanya kazi hiyo tu: kwenye mashine ya kawaida yenye Git, huchukua komiti moja na kuifunga katika furushi la tar, yaani faili moja lenye faili nyingi ndani. Furushi hilo husafirishwa kwa scp, kwa FTP ya ndani au kwa folda inayoshirikiwa, kisha hufunguliwa kwenye mashine ngeni. Tar imekuwamo katika Unix tangu toleo la saba la mwaka 1979. Hicho ni chombo ambacho mashine kongwe hazikosi.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu furushi halibebi kila kitu. Moduli ndogo zilizounganishwa kutoka hifadhi nyingine hazimo, na faili zilizowekewa alama ya export-ignore huachwa. La hila zaidi ni saa: git archive inapopewa komiti huzipa faili zote muda mmoja, yaani muda wa komiti hiyo. Tuseme komiti mpya ni ya saa nne asubuhi, nawe saa tano ulijenga komiti iliyoitangulia. Ukifungua furushi jipya juu ya folda ile ile, make italinganisha saa, itaona faili za ujenzi uliopita ni za baadaye kuliko msimbo, na itatangaza kwamba hakuna la kufanya. Ujenzi utafaulu kwa kasi ya kutia shaka. Dawa yake ni kuanza kila mara na folda tupu. Kwenye z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, kuna jambo jingine: mfumo huo hutumia EBCDIC, usimbaji wa herufi ambamo herufi A ni namba 193 badala ya 65 iliyozoeleka ya ASCII, kwa hiyo faili za maandishi kwa kawaida hubadilishwa usimbaji kabla ya kukompailiwa.

Linabaki suala la utambulisho. Bila folda ya .git, ambamo Git huweka historia, amri ya git describe, inayotaja toleo, haina pa kusoma, na programu iliyojengwa inaweza kutoka bila namba ya toleo. Hata hivyo, fundi ameshona lebo ndani ya kola. Kwenye tar za zamani zisizoelewa vichwa vya aina ya pax (maelezo ya ziada yanayowekwa ndani ya furushi), furushi likifunguliwa hubaki faili dogo la ajabu liitwalo pax_global_header, ambalo mimi nililiona kama takataka na kuliandikia amri ya kulifuta. Ndani yake mna mstari mmoja: 52 comment= ukifuatwa na herufi 40 za utambulisho wa komiti. Hiyo 52 ni urefu wa mstari wenyewe, ikijihesabu na yenyewe: baiti 11 za mwanzo, 40 za utambulisho, na moja ya kumaliza mstari. Tar za kisasa hulielewa na kulificha, na kwenye mashine yenye Git amri ya git get-tar-commit-id hulisoma moja kwa moja. Lakini lebo hiyo huwekwa tu pale git archive inapopewa komiti au tagi (jina lililobandikwa kwenye komiti). Ikipewa mti wa faili peke yake, haiwekwi.

Katika skripti yangu, ule mstari wa kufuta bado upo, ila sasa umetanguliwa na mwingine unaonakili zile herufi 40 kwenye faili la toleo.