"Vikali" na "kwa ukali" katika matangazo ya onyo

Kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, tunawaomba waandaaji wa matangazo walitazame upya neno moja: vikali.

Vikali hueleza uzito wa msimamo, na huandamana na vitenzi kama kupinga, kukanusha, kukemea, kulaani na kukataza. Kwa ukali hueleza namna mtu anavyotenda au kusema. Mtu anaweza kukataa vikali kwa sauti ya upole. Mzazi asiyelegeza kamba katika maadili huwalea watoto kwa ukali. "Aliwalea vikali" haijazoeleka. Kikatili nalo lisitumiwe hapo: mbele ya ofisa ustawi wa jamii, hiyo ni tuhuma ya mateso.

Kosa lenye madhara zaidi ni la mahali pa neno. Vikali ni kielezi, lakini pia ni kivumishi cha wingi katika ngeli ya ki-vi. "Vinywaji vikali vimekatazwa" hukataza konyagi na wenzake, na mwenye bia hajaguswa. "Vinywaji vimekatazwa vikali" hukataza hata soda. Kama mnakusudia vileo vyote, andikeni: "Pombe ya aina yoyote ni marufuku hapa." Marufuku hujitosheleza. Kabisa inavumilika, ila "marufuku vikali" haifai. Na baada ya nomino ni onyo kali, adhabu kali, hatua kali. Kamwe si "onyo vikali".

Tusisitize tena jambo ambalo halipaswi kuhitaji kurudiwa: ukali wa maneno haulipi tangazo nguvu ya kisheria. Nguvu hutoka kwenye sheria au kanuni iliyotajwa. Taja kwanza kitendo kinachokatazwa, kisha eneo, kifungu cha sheria na adhabu. Adhabu inakiliwe neno kwa neno. "Faini au kifungo au vyote viwili" humwachia hakimu njia tatu. Ukiandika "faini na kifungo" umemwondolea mbili. "Isiyozidi" huweka kikomo cha juu, "isiyopungua" huweka cha chini, na kuzibadilisha ni kutangaza adhabu ambayo sheria haikuiweka. "Faini kali" bila kiasi haimwelezi msomaji chochote.

Kabla ya kuchapa, mpe rasimu mtu asiyefanya kazi ofisini kwenu, asome mara moja, kisha akueleze amekatazwa nini. Akisita, rekebisheni sentensi.