Asidi ya laktiki haigandi kwenye misuli

Juzi nimemsikia tena kocha mmoja hapa Mwanga akiwaambia vijana wake: "Kesho mkiamka miguu inauma, mjue ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli." Kauli hii imezagaa Kigoma nzima, nami nawapenda vijana wetu, kwa hiyo naomba tuirekebishe.

Maana yenyewe ni fupi. Msuli ukihitaji nguvu za haraka, huvunja glukosi na glaikojeni, ile akiba yake ya sukari, kwa kasi kubwa. Kinachozalishwa hapo ni lakteti, yaani asidi ya laktiki katika umbo lake lisilo asidi. Basi.

Linalopotosha ni jina. Lac ni maziwa kwa Kilatini. Mwaka 1780, Carl Wilhelm Scheele huko Sweden aliipata asidi hii katika maziwa yaliyochacha, ndiyo uchachu uleule wa maziwa mgando. Nadhani hapo ndipo picha ya kitu kichachu kilichoganda pajani ilipoanzia. Lakini mwilini karibu yote huwa lakteti, si asidi, nayo haigandi popote. Ukipumzika, baada ya saa moja hivi imekwisha kupungua hadi kiwango cha kawaida. Moyo huitumia kama chakula, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Carl na Gerty Cori, walioichunguza safari hiyo ya sukari, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Tena kuna ugonjwa unaoikanusha kauli hii waziwazi. Mwaka 1951 daktari Brian McArdle wa London alieleza habari za mgonjwa ambaye misuli yake haikuweza kuvunja glaikojeni. Akifanya mazoezi, lakteti haikupanda, ila maumivu alikuwa nayo, tena makali.

Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za msuli kuchanika kidogokidogo, hasa msuli unapovutwa huku umebeba uzito. Shuka mbio kutoka Mwanga hadi stesheni: hutahema sana, lakteti itakuwa kidogo, lakini kesho kutwa mapaja yatagoma kwenye ngazi. Panda njia hiyohiyo kwa kasi na utahema kweli, lakini maumivu ya baadaye huwa nafuu.

Kwa hiyo, kocha wangu, ukiulizwa tena, waambie hivi: "Misuli imeumia kidogo ndani, tuipe siku mbili tatu."