Je, wajua kwa nini doa la sofa hurudi baada ya kukauka?

Sofa imesuguliwa kwa brashi na povu, na ikiwa bado mbichi inaonekana safi kabisa. Kesho yake ikikauka, pale pale palipokuwa na doa panatokea baka la rangi ya chai, mara nyingine pana kuliko lile la kwanza. Wengi hulaumu sabuni. Mara nyingi sabuni haina kosa: doa lilikuwa ndani ya sponji muda wote, na maji ya kuoshea ndiyo yaliyolipandisha.

Kinywaji kikimwagika, kinachobaki juu ya kitambaa ni sehemu tu. Kingine hupenya hadi kwenye sponji na kukaukia humo. Sofa ikiloweshwa, uchafu huo huyeyuka upya. Kukauka nako huanzia juu, kwa kuwa kitambaa ndicho kinachopigwa na hewa. Maji ya juu yakishakuwa mvuke, ya chini hupanda kupitia nyuzi kuchukua nafasi yake, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Maji huishia hewani, lakini sukari, rangi na sabuni haziwezi kuyafuata. Hubaki kwenye ncha za nyuzi, pale pale macho yanapoona. Ndiyo maana baka la namna hii huwa na ukingo mweusi kuliko katikati yake: maji hutambaa kuelekea upande mkavu na kuutua mzigo wake mpakani.

Si kila doa linalorudi ni la aina hii, na muda wa kurudi hukupa dalili. Likitokea ndani ya siku moja au mbili, limepanda kutoka chini. Likijitokeza polepole baada ya wiki kadhaa, ni sabuni ambayo haikusuuzwa. Hunata na kukusanya vumbi kila mtu anapokaa. Kama mto mzima umegeuka hudhurungi hata pasipokuwa na doa, na kitambaa ni cha pamba au kitani, basi nyuzi zenyewe ndizo zimetoa rangi baada ya kuoshwa kwa dawa kali ya alkali na kukaa zimelowa muda mrefu.

Kwa hiyo fundi mzuri hupimwa kwa maji anayoyatoa, wala si kwa povu analolipaka. Kazi huanza bila maji kabisa. Vumbi lote hufyonzwa kwanza kwa mashine, hasa kwenye mishono na chini ya mito, maana vumbi likilowa huwa tope, na tope huzama. Kisha husomwa lebo iliyoshonwa chini ya mto au chini ya sofa. Herufi W inaruhusu maji. S ni dawa ya kuyeyushia isiyo na maji tu. WS ni vyote viwili. X ni kufyonza vumbi peke yake. Lebo ikikosekana, lowesha kidogo sehemu iliyofichika, kandamiza kwa kitambaa cheupe kwa dakika moja, uangalie kama rangi imehamia. Imehamia? Usiendelee na maji.

Dawa ya awali, yaani ile ya kulegeza uchafu kabla ya mashine, hunyunyizwa kidogo, kiasi cha kulowesha uso wa kitambaa, na kuachwa dakika 5 hadi 10 bila kukauka, huku ukisugua taratibu kwa brashi laini. Damu, maziwa na yai hutolewa kwa maji baridi, kwa sababu joto huzigandisha protini ndani ya nyuzi.

Hapo ndipo huingia mashine ya kunyunyiza na kufyonza. Ina matangi mawili, moja la maji safi na jingine la maji machafu, na mpira unaoishia kwenye kichwa cha mkononi chenye upana wa takriban sentimita 10. Poliesta huvumilia maji ya nyuzijoto 50 hadi 60. Sufu ipewe ya uvuguvugu. Bonyeza kitufe cha kunyunyiza huku ukivuta kichwa kuelekea kwako mara moja, kisha achia kitufe na upite palepale mara tatu au nne ukifyonza tu. Vichwa vingi vina uso wa plastiki angavu: angalia hapo, usiangalie kitambaa. Matone yakiendelea kupita, bado kuna maji ya kutoa. Wanaoharibu sofa ni wale wanaonyunyiza kila wanapovuta. Ukiona povu jingi kwenye tangi la maji machafu, sabuni imezidi. Ongeza dawa ya kuua povu kabla halijaingia kwenye mota.

Maji ya mwisho ya kusuuza yawe na asidi kidogo. Vijiko viwili vikubwa vya siki nyeupe kwa lita moja ya maji safi vinatosha kutuliza alkali iliyobaki na kuzuia ule uhudhurungi wa pamba. Wapo wanaochanganya siki na bikaboneti ya soda wakidhani nguvu itakuwa maradufu. La! Asidi na alkali huuana, na unachobaki nacho ni maji ya chumvi yanayoacha unga kwenye mishono.

Simamisha mito kwa ukingo wake, fungua madirisha, elekeza feni. Sofa iliyofyonzwa vizuri hukauka ndani ya saa 2 hadi 6. Ikivuka siku nzima bado imelowa, kuvu hupata nafasi, na harufu yake ni ngumu kuondoa kuliko doa. Zipu za mito zisikudanganye ukavua foronya na kuzitia kwenye mashine ya nguo. Nyingi husinyaa na hazirudi tena kwenye sponji yake.

Kama doa limekwisharudi, usiongeze sabuni. Nyunyiza maji yaleyale ya siki juu ya baka mpaka liwe na unyevu, tandika taulo nyeupe za pamba zilizokunjwa mara mbili au tatu, weka kitu kizito juu yake na uache usiku kucha. Taulo sasa ndiyo inayokuwa juu, hivyo maji yanayopanda hutua uchafu humo badala ya kwenye kitambaa. Rudia kwa taulo kavu ikihitajika. Mkojo uliozama mara kwa mara ni jambo jingine: hapo fungua mto, kata na ubadilishe sponji, kwa sababu hakuna mashine itakayoufikia wote.