Mwezi wetu hauna hewa, Titan inayo tena nzito kuliko yetu, kwa nini?

Ukiuliza watu kwa nini Mwezi hauna hewa wengi watakwambia ni mdogo, hauna nguvu ya kuishika, basi. Hawajakosea, ila jibu hilo linakwama ukifika Titan. Huo ni mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Zohali, na ukisimama pale ungekuwa mwepesi hata kuliko ukiwa Mwezini, yaani mvutano wake ni dhaifu zaidi, lakini hewa yake inakandamiza mara 1.5 ya hii tunayovuta sisi. Mimi hii kitu ilinisumbua sana mpaka nikaielewa.

Kwanza ujue hewa haitulii. Umeshaona mtoto ameachia puto la heliamu kwenye bethidei, linapaa watu wote wanaangalia juu mpaka linakuwa kidoti? Likipasuka huko, ile heliamu inazidi kupanda na baada ya muda mrefu sana inatoroka Dunia kabisa, hairudi tena. Hidrojeni nayo ni hivyo hivyo, tunapoteza kama kilo 3 kila sekunde. Ni gesi nyepesi, na gesi nyepesi zinakimbia kasi.

Sasa ili kitu kitoke Duniani moja kwa moja kinahitaji kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Mwezini ni 2.4 tu, Titan 2.6, karibu sawa kabisa! Tofauti iko kwenye joto. Mwezini mchana jua linapiga mpaka nyuzi 120 hivi, molekuli zinachangamka, chache zenye mbio kuliko wenzake zinachomoka, kesho nyingine, ukipiga hesabu ya mamilioni ya miaka hakuna kinachobaki. Titan iko mbali na jua mara 9 na zaidi kuliko sisi, kule ni nyuzi 179 chini ya sifuri, naitrojeni yake karibu na ardhi inajikokota kama mita 300 kwa sekunde, itatorokaje?

Kwa hiyo ni ugomvi wa vitu viwili, mvutano unavuta chini na joto linasukuma nje. Halafu kuna upepo wa jua, chembe zinazotoka kwenye jua zikikwangua hewa ya juu. Mirihi iliumia sana hapo maana sumaku yake ya kuikinga ilizimika zamani, na chombo cha MAVEN kilichofika kule 2014 kilipima kikakuta bado inavujisha kama gramu 100 kila sekunde. Lakini usiseme sumaku ndiyo kila kitu, Zuhura haina sumaku kama yetu na hewa yake inakandamiza mara 90 hivi ya yetu, kabondayoksaidi tupu karibu yote, gesi nzito hiyo.

Tarehe 14 Januari 2005 chombo kinaitwa Huygens kilishuka Titan kwa parachuti, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba kilielea karibu saa mbili na nusu kabla ya kugusa ardhi, huku kikipiga picha. Mwezini parachuti ingeanguka kama jiwe, ndiyo maana wale wanaanga wa 1969 walishuka injini ikiwaka mpaka chini.