Basenji: Si Bubu, Wala Si Mshenzi

Kwetu neno "shenzi" hutupiwa mbwa kama jiwe. Akidokoa kitoweo jikoni, shenzi. Akilala mlangoni ukakaribia kumkanyaga, shenzi. Ndiyo maana Mswahili hushtuka anaposikia mara ya kwanza kwamba kuna mbwa wa mashindano, anayefugwa London na Chicago kwa gharama kubwa, jina lake Basenji. Hakuna haja ya kamusi. Ile ba- ya Kilingala, lugha ya Kongo anakotoka mbwa huyu, ndiyo wa- yetu, na "mbwa na basenji" ni mbwa wa washenzi.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapozaliwa, kwamba jina linaeleza tabia ya mbwa mwenyewe. Sivyo. Tusi lilikuwa la watu. Waliojiona waungwana waliwaita hivyo watu wa bara, wa vijijini na wa msituni, na mbwa akabebeshwa jina la mabwana zake. Kwa watu hao alikuwa mwindaji anayewapatia nyama, naye kwa kazi hiyo ni stadi. Mimi jina hili huniuma kila nikilisikia, kwa ajili ya mbwa na zaidi kwa ajili ya watu hao.

Wengine humwona pichani wakasema, "Si koko tu huyu?" Naelewa kwa nini: manyoya mafupi, rangi ya udongo mwekundu, umbo dogo. Lakini mtazame vizuri. Dume husimama kama sentimita 43 begani na ana kilo 11 hivi. Jike ni sentimita 40 na kilo 9 na nusu. Miguu ni mirefu kwa mwili huo. Masikio yamesimama, na akiyaelekeza mbele kusikiliza, paji la uso hujaa makunyanzi kama ya mzee anayewaza deni. Mkia umejisokota juu ya kiuno, ukalalia upande mmoja. Akichomoka mbio, mkia huo hunyooka, na kuna nukta miguu yote minne inakuwa hewani. Jike wake huingia joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali mbwa wengi huingia mara mbili.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Basenji ni bubu. Hata baadhi ya wanaowauza hulisema hilo kama sifa: nunua huyu, majirani hawatalalamika. Ukweli ni kwamba Basenji habweki mfululizo kama mbwa wengine, lakini sauti anayo, tena si moja. Kisanduku chake cha sauti kina umbo tofauti, na akifurahi hutoa mlio unaopanda na kushuka, kitu kati ya wimbo na mwayo. Hunguruma. Hulia. Akiachwa peke yake ndani ya nyumba hupiga yowe ambalo mgeni atadhani ni mtoto aliyebanwa na mlango. Mara mojamoja hutoa hata mbweko mmoja mkavu, kisha akanyamaza. Anayemchukua kwa kutafuta ukimya atamrudisha ndani ya mwezi, na anayeumia ni mbwa.

Wawindaji walijua tabia hii zamani sana na wakaipatia dawa. Mbwa asiyebweka utamfuataje ndani ya msitu ambao jua halifiki chini? Wakamfunga kengele ya mti shingoni. Georg Schweinfurth, msafiri Mjerumani aliyepita nchi ya Wazande, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1870, alieleza mbwa wadogo wa huko wenye manyoya mafupi, mkia uliojikunja na kengele za mti. Katika msitu wa Ituri, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, Wambuti, wawindaji wa msitu huo, nao huwavisha mbwa wao kengele za namna hiyo. Nyavu hutandazwa kwa nusu duara, watu hukaa kimya nyuma yake, na mbwa huingia vichakani kukurupusha paa wadogo. Kinachosikika ni ko-ko-ko ya mti ikisogea, kisha ikienda mbio, kisha kelele za watu wavuni.

Je, anawinda kwa macho? Marekani anaruhusiwa kushindana na mbwa wa mbio wanaofukuza chambo kwa kukiona, na hufanya vizuri. Kwa hiyo wengi humhesabu miongoni mwa mbwa wadogo wa macho. Ila macho si silaha yake ya pekee. Kwenye kichaka kizito hutumia pua na masikio pia, na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limemweka kundi la tano, pamoja na mbwa wa asili.

Kuna wanaodai kuwa Waingereza ndio waliomtengeneza. Wao walimbeba tu, na mwanzoni hata kumtunza walishindwa. Jozi moja ilionyeshwa kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1895, kisha ikafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi. Mwaka 1923 Mwingereza Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan. Walimaliza karantini salama, wakachanjwa dhidi ya distempa, na chanjo hiyohiyo ikawaua. Ni katika miaka ya 1930 ndipo mfugaji wa Kiingereza, Olivia Burn, alipofanikiwa kuwakuza, na mwaka 1937 Crufts ikawapokea kwa shangwe.

Kuhusu mafarao nitasema kidogo. Michoro ya Misri ya kale ina mbwa wenye mkia uliojikunja, na uchunguzi wa vinasaba umemweka Basenji karibu na shina la ukoo wa mbwa. Hayo hayatoshi kusema huyu wa sebuleni ni mjukuu wa yule wa kaburini.

Dhana inayoniogopesha ni ile ya kwamba mbwa wa asili haugui. Basenji wa Ulaya na Marekani walizaliwa kutoka kwa mbwa wachache mno, na magonjwa ya kurithi yakapata nafasi. Ndiyo sababu wafugaji wa Marekani walirudi Kongo mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 daftari la uzao, yaani orodha rasmi ya Basenji wa asili safi, likafunguliwa kuwapokea mbwa hao, wakiwemo wenye milia.

Ugonjwa unaotisha zaidi unaitwa Fankoni. Figo hushindwa kurudisha sukari, chumvi na virutubisho mwilini, vyote vikatoka na mkojo. Kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa mtu mzima, baada ya miaka minne hivi. Huanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa bila kupumzika, na mkojo ukipimwa unakutwa na sukari. Hapo wengi hukimbilia kusema kisukari, na mbwa huchomwa insulini asiyoihitaji. Tofauti iko kwenye damu: mwenye Fankoni ana sukari kwenye mkojo, ilhali ya kwenye damu ni ya kawaida. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha kinasaba chenyewe, kwa hiyo wazazi wanaweza kupimwa kabla ya kupandishwa. Na aliye na Basenji nyumbani tayari, akiona bakuli la maji linakauka mara mbili zaidi ya kawaida, ampeleke kwa daktari wa mifugo na aombe vipimo vyote viwili, mkojo na damu, siku hiyohiyo.