Bili ya kidonda cha mguu huanza kupanda nyumbani

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu hapa hospitalini siku hizi mengi yanahusu bili ya kufungwa vidonda. Mgonjwa wa kisukari anakuja kila baada ya siku moja, analipia gozi, glavu na bandeji, anaongeza nauli ya bodaboda, na mwezi wa tatu wa matibabu kidonda kiko palepale. Ndugu wanahisi wanaibiwa. Tunawaelewa, lakini gozi si tatizo hapo.

Kidonda cha wayo kwa mwenye kisukari mara nyingi hutokea mahali palipokwisha kufa ganzi. Hakiumi, kwa hiyo mwenyewe anakitembelea, na kila hatua inaponda nyama changa iliyoanza kuota. Hata upake dawa ya bei gani, mguu ukiendelea kukanyagwa fedha imepotea. Ndiyo maana tunang'ang'ania kuondoa uzito: magongo, kiatu maalumu, au plasta ngumu ya chini ya goti, baada ya mtaalamu kupima mzunguko wa damu na kuhakikisha hakuna maambukizi makubwa. Wengi wanaikataa plasta hiyo, wanayoiita "hogo", kwa hoja kwamba hawajavunjika mfupa. Basi tunaendelea kuwafunga gozi, nao wanaendelea kulipa.

Kipimo chetu ni wiki 4. Kidonda ambacho hakijapungua angalau nusu ya ukubwa wake kwa muda huo, uwezekano wa kufunga ndani ya wiki 12 ni mdogo, na matibabu yanapaswa kuangaliwa upya: damu inafika? Mfupa umeingiliwa na maambukizi? Sukari ikoje? Kwa hiyo muulize muuguzi urefu na upana ulioandikwa kwenye faili. Kama havijaandikwa, omba viandikwe. Ni haki yako, na hakuna atakayekasirika (au hapaswi kukasirika).

Sasa hili la "rangi mbili", yaani kapsuli za antibayotiki. Tumesema, tumebandika matangazo, bado kila wiki tunapokea kidonda kilichojazwa unga wa kapsuli. Unga ule hauponyi. Unakauka, unafanya gamba, na usaha unabaki chini yake. Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, nazo zinaunguza nyama mpya. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha kuoshea nyumbani. Tena, antibayotiki haihitajiki kwa kila kidonda: kisicho na wekundu, joto, uvimbe, usaha wala harufu hakiihitaji, na kuinunua bila cheti cha daktari ni gharama na usugu wa vimelea kwa pamoja.

Kuhusu malipo, utaratibu ni huu. Mwenye bima aanzie kituo cha ngazi ya chini, apewe fomu ya rufaa iliyojazwa, yenye saini na muhuri, ndipo apande hospitali ya juu. Fomu isiyo na muhuri itarudishwa, na safari ya kuirudisha ni yako. Uhakiki unafanyika dirishani mwenye kadi akiwepo mwenyewe. Kumtibia shemeji kwa kadi ya kaka ni udanganyifu. Kadi inaweza kuzuiwa na suala likafika polisi. Tafadhali msiwabembeleze wahudumu wa dirishani, hawana mamlaka hayo. Kabla ya kufungwa kwa aina yoyote ya dawa ya kisasa, ulizeni kama bima yenu inailipia. Si zote zinalipiwa, na si kila kidonda kinazihitaji.

Asiye na bima wala uwezo, hususan mzee wa miaka 60 na zaidi, ana njia ya msamaha katika vituo vya serikali. Anachukua barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, anaipeleka kwa mtendaji, kisha anaonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, anayefanya tathmini yake mwenyewe. Barua peke yake si msamaha, jambo ambalo halitaki kueleweka. Na aje mapema. Wengi huja siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imekwisha kujumlishwa.

Mguu uliobadilika kuwa mweusi, unaotoa harufu, au ulioambatana na homa hausubiri barua wala fomu ya rufaa. Huo unakwenda moja kwa moja idara ya dharura, usiku au mchana, makaratasi yatafuata.